Ufugaji wa farasi Unguja: yasemwayo barazani na yalivyo bandani

Barazani husemwa: "Farasi ni punda mkubwa tu, majani yapo bure." Punda wa gari hapa kwetu hupitisha siku kwa majani ya kando ya njia. Farasi wa kilo 400 anataka kiasi cha kilo 8 za chakula kikavu kila siku. Ukimkatia majani mabichi, ambayo sehemu kubwa ni maji, hesabu kilo 30 au zaidi. Na upande wa mashariki, Paje huko, ambako wageni wanatembezwa juu ya farasi ufukweni, ardhi ni uwanda wa mawe. Majani utayafuata mbali, na gari la kuyaleta haliendi kwa dua. Wala usifidie kwa pumba zilizovunda: farasi hawezi kutapika, na msokoto wa tumbo humuua. Tia mkono hadi kiwiko ndani ya gunia. Likiwa na joto katikati, lirudishe dukani.

Wengine hupiga hesabu: "Majike watano, watoto watano kila mwaka." Mimba ya farasi ni takriban miezi 11, mtoto mmoja. Pacha ni balaa, kwani mara nyingi mimba huharibika. Mtoto mwenyewe hapandwi mpaka afike miaka 3 au 4. Muda wote huo anakula tu. Gharama inayosahaulika ni ya mama. Miezi 3 ya mwisho ya mimba hapandishwi mgeni, kisha ananyonyesha miezi 5 au 6. Minane au tisa bila mshahara! Mimi ningeanza na farasi wa kazi waliokwisha kufundishwa, majike wakazaa kwa zamu, mmoja mmoja.

"Akipatikana dume wa Kiarabu, mambo yamekwisha." Nusu ya damu ni ya mama. Basi.

Na hili: "Mbung'o walimalizwa Unguja, maradhi hakuna." Kweli walitokomezwa, 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o, na nagana, maradhi ya mifugo waliyokuwa wakiyaeneza, ikaondoka nao. Usubi wapo. Hao ndio wanaoeneza maradhi ya farasi ya Afrika, yanayoweza kuua mnyama ndani ya siku chache, nao huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri. Saa hiyohiyo mgeni anataka picha, jua likizama. Ufukweni upepo humlinda farasi, maana usubi hauwezi kushindana nao. Hatari iko bandani chini ya miembe, hewa ikitulia. Madirisha yawe na wavu wa matundu madogo kuliko ya chandarua cha kitandani. Usubi hupenya kile.