Kaiti mpya haivuti? Achia baa kwanza

“Mwalimu, hii kaiti niliyouziwa ni mbovu. Haivuti.”

Neno hili nalisikia hapa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, tangu msimu wangu wa kwanza wa kufundisha mchezo wa kaiti, tiara kubwa inayomvuta mtu aliyesimama juu ya bodi majini, na wiki iliyopita nimelisikia mara tatu kwa siku moja. Watu watatu, kaiti tatu mpya za aina tofauti, na wote wamesimama majini vilevile: magoti yamekunjwa, viwiko vimekunjwa, baa (fimbo ya kuongozea kaiti) imevutwa mpaka kifuani. Kaiti iko juu pale, mkia umelegea kuelekea chini, kitambaa kinapigapiga, kamba za mbele zimepwaya. Halafu taratibu inaanza kurudi kinyumenyume mpaka inaangukia mkia. Mwenyewe anaivuta baa zaidi. Inaanguka haraka zaidi.

Dhana: kaiti nzuri utaijua kwa inavyovuta, na ukitaka ivute, vuta baa.

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, maana imewafanya watu wauze kaiti nzima kwa nusu ya bei. Baa ukiivuta unakaza kamba za nyuma, na kaiti inakabili upepo kwa tumbo zaidi. Mpaka kiwango fulani nguvu inaongezeka, ni kweli. Ukipita hapo, upepo unashindwa kuufuata mgongo wa kitambaa, unaachana nao, na kaiti inakufa. Muulize nahodha yeyote wa ngalawa hapa pwani: demani, ile kamba ya kukazia tanga, ikikazwa kupita kiasi, chombo kinazubaa na tanga limejaa. Hakuna nahodha anayelaumu tanga kwa hilo. Analegeza demani, chombo kinaondoka.

Na kaiti inahitaji jambo moja zaidi ya tanga, nalo ni mwendo wake yenyewe. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi. Upepo ukitoka noti (maili za baharini kwa saa) 12 kufika noti 18, nguvu haiongezeki nusu, inakuwa mara mbili na robo. Kaiti inayokata hewa inajitengenezea upepo wake juu ya ule unaovuma, kwa hiyo siku ya upepo mwembamba anayeipeleka juu na chini anavutwa, na aliyeiganda sehemu moja anabaki kunung'unika. Achia baa kidogo, kaiti ikimbie, ndipo uirudishe. Katika wale watatu, wawili waliondoka na bodi zao ndani ya dakika tano kwa maneno hayo tu: “Achia baa, kaka. Achia tena.”

Wa tatu yake haikukubali. Hata baa ikiwa nusu ya njia, kaiti ilirudi nyuma. Nikamuuliza baa kaipata wapi. “Yangu ya siku zote, ina misimu minne.” Basi hapo nilishajua. Kaiti mpya, baa kuukuu. Kamba za mbele ndizo zinazobeba uzito mwingi wa mwendeshaji, hivyo mwaka hadi mwaka zinanyooka kuliko za nyuma. Za nyuma zinakuwa fupi bila mtu kuzikata, na kaiti inapanda hewani ikiwa tayari imevutwa breki.

Tukaenda kwenye mnazi. Nilifunga kitanzi shinani, nikaingiza ncha zote nne za kamba, nikarudi nyuma mita 24 mpaka zikanyooka, kipunguza nguvu (kamba fupi ya kufupishia kamba za mbele) nimekiachia chote na baa nimeivuta mpaka kwenye pete ya hanesi, mkanda wa kiunoni. Hapo kamba nne zinatakiwa ziwe sawasawa. Zake za mbele zilining'inia. Tulipopima, tofauti ilikuwa upana wa vidole vinne. Vidole vinne kwenye kamba ya mita 24 ni kama si kitu, lakini kaiti inavisikia vyote. Tulizihamishia kamba za nyuma fundo la mbali zaidi pale zinapofungwa kwenye kaiti, na kilichobaki tukakirefusha kwa kipande cha kamba. Jioni ile ile alikuwa anapiga bisha, anakatakata kuelekea upepo unakotoka, mpaka karibu na miamba.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kila mwenye kaiti mpya, na nitaurudia mpaka sauti ikauke: ijaribu kwa kuiachia kabla hujaijaribu kwa kuivuta. Iweke nusu ya njia kati ya maji na utosi wako, kisha sukuma baa polepole mpaka mwisho. Kaiti iliyo sawa inasogea ukingoni mwa upepo, inatulia, mvuto unapungua waziwazi, na bado ukigusa upande mmoja inaitika. Ikitetemeka na kukupita juu ya kichwa, kamba za nyuma ni ndefu mno. Ikiendelea kukuburuta wakati baa iko mbali nawe, toka majini ukapime kamba. Ukisharidhika na hilo, ndipo uvute baa kidogo kidogo utafute mahali inapoanza kufa. Mahali hapo pakariri mikononi.

Dhana: dakika kumi ufukweni zinatosha kuijua.

Hazitoshi, na tena ni hatari. Pale mchangani upepo umevunjwa na minazi na majengo, wewe umesimama, na kaiti haipati ule mwendo niliousema. Kinachoonekana ni kama inapaa na kama inakata kona, basi. Kaiti hujulikana ukiwa juu ya bodi, na kipimo ninachokipenda ni joshi, yaani kwenda upande upepo unakotoka: chagua mnazi mmoja, katisha mara nne ukipanda upepo, kisha tazama umetokea wapi. Halafu rudia na kaiti yako ya zamani ya saizi hiyohiyo, kwa bodi ileile. Fanya yote mawili ndani ya saa moja, maana hapa wakati wa bamvua, yaani maji makuu, maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na mkondo wa maji yanayotoka unaweza kukupandisha au kukushusha, kisha sifa au lawama apewe asiyehusika.

Dhana: jua la huku kali, usiijaze sana itapasuka.

Bomba la mbele, lile linalojazwa hewa, likiwa laini, linajikunja katikati upepo ukipiga ghafla, na kaiti inachelewa kuitikia. Halafu unaambiwa “aina hii ni nzito.” Soma presha iliyoandikwa karibu na valvu; saizi ndogo kwa kawaida hutaka presha kubwa kuliko saizi kubwa. Ipige kwa ukucha, ilie kama ngoma. Kinachoiua ni kuiacha imejaa, imelala juani mchana kutwa. Na ukishaiangusha majini hewa ya ndani inapoa na bomba linalegea, kwa hiyo ipime tena ukitoka.

Dhana: kaiti mpya usiiangushe.

Iangushe makusudi, siku ya kwanza. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili hataza ya kaiti yenye bomba la kujazwa hewa mwaka 1984, na sababu kubwa ilikuwa hii hasa: iweze kunyanyuka yenyewe kutoka majini. Usipojua yako inanyanyuka vipi, utajifunzia nje ya miamba jua likizama. Ifanyie mahali maji yanafika kifuani, upande upepo unakoelekea pakiwa wazi. Nasisitiza hilo kwa sababu nimeona kaiti ikizungusha kamba kwenye vigingi vya mwani, na akina mama wakikusanya siku nzima kilichong'olewa kwa dakika moja. Maji yakitoka, hapo ni shamba la mtu.

Dhana: kifungulio cha dharura ni kipya, hakina haja ya kujaribiwa.

Kifungue mara tatu ukiwa ufukweni, bila kaiti, na mara moja majini ikiwa na kaiti. Kaiti yote inatakiwa ilale ikining'inia kwa kamba moja ya mbele, bila mvuto. Kisha suuza kifungulio kwa maji yasiyo na chumvi. Mchanga wa Paje ni laini kama unga, na unaingia humo siku hiyohiyo ya kwanza.