Je, wajua kwa nini The Detroit Cobras iliimba karibu nyimbo za wengine pekee?

Mwaka 1994, katika jiji la Detroit nchini Marekani, iliundwa The Detroit Cobras, bendi ya roki ya gereji iliyoongozwa na mwimbaji Rachel Nagy akiwa bega kwa bega na mpiga gitaa Mary Restrepo. Wapiga ngoma, besi na magitaa mengine walibadilika mara nyingi, lakini wanawake hao wawili walibaki kuwa mhimili wa bendi. Ilitoa albamu nne: Mink Rat or Rabbit mwaka 1998, Life, Love and Leaving mwaka 2001, Baby miaka michache baadaye, na Tied & True mwaka 2007. Ukizisikiliza zote kwa mpangilio utagundua jambo lisilo la kawaida, kwamba karibu kila wimbo uliomo ulikwisha kurekodiwa na mtu mwingine, mara nyingi miaka 30 au 40 kabla. Kwa nini bendi yenye sauti ya nguvu kiasi kile ikaamua kupiga kopi?

Sehemu ya jibu imo katika asili ya roki ya gereji yenyewe. Muziki huu uliitwa hivyo kwa sababu katika miaka ya 1960 vijana wengi wa Marekani walifanyia mazoezi katika mabanda ya magari nyumbani kwa wazazi wao, wakiwa na magitaa ya bei nafuu na ujuzi mdogo, na walichokipiga humo kilikuwa kwa kiasi kikubwa nyimbo za ridhimu na bluzi za wanamuziki Weusi. Mfano unaojulikana zaidi ni Louie Louie, ambao Richard Berry aliurekodi mwaka 1957 na ambao bendi ya The Kingsmen iliurudia mwaka 1963 kwa namna ya fujofujo hadi maneno yakawa hayasikiki vizuri. Hata The Beatles, katika albamu yao ya kwanza ya mwaka 1963, walikuwa na nyimbo 6 za wengine kati ya 14, mbili zikiwa zimetangulia kuimbwa na kundi la wanawake la The Shirelles. Dhana kwamba msanii wa kweli ni lazima aimbe alichokitunga mwenyewe ilipata nguvu baadaye tu, na The Detroit Cobras haikuikubali.

Sehemu ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye utamu zaidi, ni namna nyimbo hizo zilivyochaguliwa. Bendi nyingi zikirudia nyimbo za zamani huchukua zile ambazo kila mtu anaweza kuziitikia, kwa sababu ukumbi huchangamka mara moja. Nagy na wenzake walifanya kinyume: walikwenda kwenye santuri ndogo za miaka ya 1950 na 1960 ambazo hazikuvuma sana, au ambazo zilivuma kidogo kisha zikasahaulika. Waliimba Shout Bama Lama, wimbo ambao Otis Redding aliurekodi kabla hajapata umaarufu. Waliimba Weak Spot wa Ruby Johnson, mwimbaji wa lebo (kampuni ya kurekodi muziki) ya Stax ya Memphis ambaye hakupata hata robo ya sifa aliyostahili, ingawa wimbo huo ulitungwa na Isaac Hayes na David Porter, watunzi wakubwa wa lebo hiyo. Waliimba Cry On wa Irma Thomas wa New Orleans, na Putty in Your Hands wa The Shirelles. Kwa msikilizaji wa kawaida wa wakati huo nyimbo hizi zilikuwa mpya kabisa, na ilikuwa rahisi kudhani ni za bendi yenyewe hadi asome majina ya watunzi kwenye jalada.

Jiji lao pia lilikuwa na historia ya kutosha kuwafundisha kutafuta. Berry Gordy alianzisha kampuni ya muziki ya Motown mjini Detroit mwaka 1959, lakini kivuli cha kampuni hiyo kilifunika lebo nyingi ndogo, kama Fortune Records iliyoanza tangu miaka ya 1940, ambazo nazo zilitoa santuri nzuri bila kuwa na fedha za kuzifikisha mbali.

Je, ruhusa ilipatikanaje? Sheria ya hakimiliki ya Marekani, tangu mwaka 1909, ina utaratibu wa leseni ya lazima: wimbo ukishatolewa hadharani kwa idhini ya mwenyewe, mtu yeyote anaweza kuurekodi upya bila kuomba ruhusa wala kuzuiwa, ilimradi amlipe mwenye utunzi kiwango kilichowekwa na asibadili msingi wa wimbo. Mwaka 2007, Tied & True ilipotoka, kiwango hicho kilikuwa senti 9.1 kwa kila wimbo usiozidi dakika 5, kwa kila nakala. Albamu yenye nyimbo 13 za wengine ilidaiwa basi zaidi ya dola moja kwa kila nakala iliyouzwa. Tena redio za kawaida za Marekani hulipa watunzi na wachapishaji wao, lakini haziwalipi waimbaji. Kwa hiyo bendi inayoimba nyimbo za wengine hujinyima chanzo kikubwa cha mapato, na haiwezi kudaiwa kwamba The Detroit Cobras ilichagua njia hiyo kwa kutafuta pesa za haraka.

Ilichokipata badala yake ni uhuru wa Nagy kuwa mwimbaji tu. Sauti yake ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, na alipouchukua wimbo ulioimbwa awali na msichana mwenye kulalamika, malalamiko yaligeuka kuwa onyo. Alipoimba wimbo wa mwanamume, hakuulainisha hata kidogo. Magitaa nayo yaliondoa mapambo yote, yaani vinanda, tarumbeta na waitikiaji wengi, yakaacha mdundo na kiitikio, hivyo nyimbo nyingi zinaisha kabla ya dakika 3. Ndiyo maana nashikilia kwamba walichokifanya kilikuwa utunzi wa aina yake, japo sheria haikitambui hivyo. Katika Baby kuna wimbo mmoja wa kwao wenyewe, Hot Dog, nao unakaa katikati ya nyingine bila kuonekana mgeni.

Nagy alifariki Januari 2022. Albamu mbili za kwanza zilikuwa zimekwisha kutolewa upya na Third Man Records, lebo ya mwanamuziki Jack White, na kwa anayetaka kuanza ningempa Life, Love and Leaving, kisha nimwombe atafute rekodi ya Irma Thomas ya Cry On na kuzisikiliza zote mbili kwa mfululizo.