Dalili mpya kwa mgonjwa wa saratani: kabla ya kusema "ni ule ule ugonjwa"

"Daktari, mama ameanza kuongea na watu waliokufa."

Binti aliyeniambia hivyo alikuwa amefika kliniki yetu hapa Kisumu kwa matatu ya kwanza kutoka Ahero, mamake amemwegemea begani njia nzima. Mama alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa. Kwa siku tatu alikuwa akisinzia mchana kutwa, na akiamka anashikashika blanketi kana kwamba anachambua mboga, huku akimwita dadake aliyezikwa miaka mingi iliyopita. Nyumbani walikuwa wamekata tamaa. Wajomba walikuwa wameitwa, kasisi amekuja kumpaka mafuta, na kila mtu alikubaliana kwamba saratani imepanda kichwani.

Aliyeona tofauti ni muuguzi wetu. Alimmulika macho kwa tochi ya simu, akaniita nije nione: mboni zilikuwa zimesinyaa hadi zikawa kama punje ya wimbi. Akaushika mkono wa mama. Mkono ukaruka wenyewe, ukatulia, ukaruka tena, kama wa mtu anayeshtuka usingizini. Kisha akamuuliza binti swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Tangu jana mama amekojoa mara ngapi?

Binti akafikiri. "Mara moja, sista. Kidogo tu."

Hapo picha ikaanza kujichora. Dalili hizo zilikuwa za mofini iliyozidi mwilini. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu aliyokuwa akinywa mama, huvunjwavunjwa na ini, lakini mabaki yake hutolewa mwilini na figo, na baadhi ya mabaki hayo yana nguvu kuliko mofini yenyewe. Sasa saratani ya mlango wa kizazi ikikua ina tabia ya kubana mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Mkojo ukikosa pa kupita, figo hufura na kudhoofika, na kipimo kile kile cha mofini ambacho mgonjwa alikistahimili vizuri miezi miwili kinaanza kurundikana ndani yake. Juu ya hayo, wiki moja kabla mgongo ulikuwa umemsumbua, jirani akamnunulia vidonge vya diklofenaki kwenye duka la dawa. Ni dawa inayofaa kwa mwenye figo nzima. Kwa huyu mama lilikuwa pigo la pili.

Tulipunguza mofini, tukaachisha diklofenaki, tukamwekea dripu. Kipimo cha kreatinini kilituonyesha figo zimezidiwa, na ultrasaundi ikaonyesha zote mbili zimefura. Akapelekwa kupitishiwa mrija mgongoni ili mkojo upate njia. Siku ya tatu aliomba uji, akauliza kwa nini nyumbani kumejaa wageni.

Saratani haikuondoka. Mama alifariki miezi minne baadaye. Lakini alifariki akiwa na akili zake timamu, baada ya kuwaita wanawe na kuwaonyesha kwa mkono wake nani atalima wapi.

Mimi ni daktari wa tiba shufaa, yaani kazi yangu ni kupunguza mateso ya mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, awe anaelekea kupona au la. Wagonjwa wangu wengi wako steji ya nne, wanatoka Siaya, Vihiga, Busia, Homa Bay na hapa mjini. (Maelezo yao nimeyabadilisha kiasi ili wasitambulike.) Jambo linaloniumiza sana ni hili: mtu akishaandikiwa kwenye faili kwamba saratani imesambaa, kila kitu kinachompata baadaye kinapewa jina moja. Akichoka, ni saratani. Akitapika, ni saratani. Akipoteza fahamu, familia inaambiwa ijiandae. Wakati mwingine ni kweli. Lakini saratani iliyosambaa haimpi mtu kinga dhidi ya magonjwa mengine. Mwenye saratani ya matiti hushikwa na nimonia kama jirani yake. Hupata mkanda wa jeshi, vidonda vya tumbo, damu kuganda mguuni. Anayetumia deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, kwa wiki nyingi anaweza kupandisha sukari au kuota utando mweupe mdomoni unaomfanya ashindwe kumeza, na nyumbani wakadhani amekataa chakula kwa sababu amekata tamaa. Utando huo ni fangasi, na una dawa.

Huku kwetu kando ya ziwa, mtego mkubwa kuliko yote ni homa.

Mgonjwa aliyetoka kupewa kemo, yaani dawa za kuua saratani, huishiwa chembe nyeupe za damu, na kwa dawa nyingi kiwango hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14. Chembe zile zinazopigana na bakteria, neutrofili, zikishuka chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, maambukizi madogo yanaweza kumuua kwa siku moja. Ndiyo maana joto la 38.3 likipimwa hata mara moja tu, au 38 likidumu saa nzima, ni dharura: antibiotiki inapaswa kuwa imeingia kwenye mshipa ndani ya saa moja tangu afike hospitalini. Na anayemeza deksamethasoni au panadoli huenda joto lisipande kabisa. Akitetemeka kwa baridi au akilegea ghafla, aondoke nyumbani hata kama kipimajoto kinasema 37.

Nini hutokea? Anapelekwa zahanati iliyo karibu. Anatobolewa kidole, kipimo kinasema malaria, anapewa vidonge, anarudishwa nyumbani. Wote wametulia kwa sababu jibu limepatikana.

Lakini jibu hilo ni nusu. Mtu mzima aliyekulia kanda ya ziwa anaweza kubeba vimelea vya malaria kwenye damu bila kuugua. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa asilimia 19 ya watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 14 katika kanda hii, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 6. Isitoshe, vipimo vya haraka tunavyotumia sana hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa akapona. Kwa hiyo kipimo chanya hakithibitishi kwamba malaria ndiyo inayomchoma mgonjwa wa kemo. Mtibu malaria, ndiyo, kwa sababu nayo inaua. Ila siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, mpime damu kamili na umtafutie antibiotiki. Wagonjwa wetu tunawapa kadi yenye tarehe ya kemo ya mwisho, na ninawasihi waitoe kabla hata ya kusema "nina homa". Mhudumu wa zahanati hana njia ya kujua kwamba uko siku ya 10.

Kuna kundi jingine la dalili ambalo hupita bila kutambuliwa kwa sababu kila moja ina kisingizio chake. Mgonjwa ana kiu isiyoisha. Si ni joto la Kisumu hilo? Anakojoa mara kwa mara. Si anakunywa maji mengi? Choo kimekuwa kigumu, mofini hiyo. Kichefuchefu, kemo. Amekuwa mzito wa kujibu, anarudia maswali, mawazo tu. Ukiziona zote zimekuja ndani ya wiki moja au mbili, mwombe daktari apime kalsiamu. Baadhi ya saratani, kama za matiti, mapafu na koo, hutoa kemikali inayofanana na homoni ya mwili na kuifanya mifupa iachie kalsiamu yake kwenye damu. Kiwango cha kawaida ni kama milimoli 2.2 hadi 2.6 kwa lita. Kisomwe pamoja na albumini, protini ya damu inayobeba kalsiamu, kwa maana kwa mtu aliyekonda albumini huwa imeshuka, na kalsiamu iliyopanda huonekana kama iko sawa. Tiba yake ni maji ya mshipa kwa wingi na dripu ya asidi ya zoledroniki, miligramu 4. Nimeona mtu aliyekuwa hajui jina la mwanawe akisoma gazeti siku nne baadaye. Kalsiamu ikirudi kupanda tena na tena, maana yake ni nyingine, na hapo mazungumzo hubadilika.

Sasa niseme kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali nyingine, alikuja mzee kutoka Vihiga mwenye saratani ya tezi dume iliyoingia kwenye mifupa. Alilalamika mgongo. Nilijua mifupa yake imeshikwa, kwa hiyo maumivu yalikuwa na maelezo tayari, nikamwongezea dawa. Foleni ilikuwa ndefu. Sikumwomba avue shati. Sikumuuliza kama maumivu yanazidi akilala chali au akikohoa, wala kama miguu imeanza kuwa mizito au kufa ganzi. Siku kumi na mbili baadaye wanawe walimleta wamembeba kwenye kiti cha plastiki. Uti wa mgongo ulikuwa umebanwa. Tulimpa deksamethasoni, akapelekwa kwenye mionzi, lakini hakutembea tena. Katika tatizo hili, anayefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Anayefika akiwa amekwisha kupooza, nafasi hiyo ni ndogo sana. Maumivu ya mgongo mara nyingi hutangulia udhaifu wa miguu kwa wiki kadhaa. Mzee alikuwa amenipa hizo wiki, nami nikampa vidonge.

Tangu siku hiyo kila mgonjwa wa saratani anayetaja mgongo namgongagonga pingili moja moja kwa ncha ya kidole, kutoka shingoni hadi kiunoni, kisha namwomba asimame kutoka kwenye kiti bila kujishika. Haichukui hata dakika tatu. Ukiwa wewe ndiye mgonjwa na daktari hajakugusa, mwambie: "Daktari, naomba uniangalie mgongo." Si utovu wa adabu. Na miguu ikianza kulegea, au mkojo kukataa kutoka, usingoje siku ya kliniki.

Watu huniuliza wafanye nini ili wasikilizwe. Binti wa Ahero alikuwa na daftari la shule la kurasa 48. Ndani yake alikuwa ameandika tarehe, saa za kumpa mama mofini, choo, chakula, na usiku alioanza kuropoka. Diklofenaki pia ilikuwa humo, pamoja na bei. Daftari lile lilitusaidia kuliko faili la hospitali. Andikeni kila kitu kinachoingia mdomoni, dawa za mitishamba zikiwemo, na msiogope kutuonyesha. Mimi sigombezi mtu kwa dawa ya kienyeji. Nahitaji kujua tu, kwa sababu figo haziulizi dawa imetoka wapi.

Kisha muulizeni daktari maswali mawili. La kwanza: kama hii isingekuwa saratani, ingekuwa nini? Swali hilo humlazimisha hata daktari aliyechoka kuvuta kiti. La pili ni gumu zaidi: kipimo hiki kikirudi na jibu, tutafanya nini tofauti? Kama jibu litabadilisha dawa, au litamrejeshea mgonjwa miguu au akili, pimeni hata kwa kuharakishwa. Kama halitabadilisha chochote, mgonjwa ana haki ya kukataa. Nimeona familia zikiuza ng'ombe kulipia skani ya Nairobi baada ya fedha za SHA, bima ya afya ya serikali, kufika kikomo, na picha ikarudi na habari ambayo tayari tulikuwa nayo mkononi.

Kuna mwalimu mstaafu kutoka Maseno ambaye saratani ya ini ilikuwa imemdhoofisha. Alianza kupata kichefuchefu cha ajabu, kilichokuja alfajiri tu na kuondoka jua likichomoza. Tulipima kalsiamu, figo, sukari, chumvi za damu, malaria. Tulimwangalia macho na kichwa, tukahesabu dawa zake moja moja. Hatukupata kitu. Kilichobaki ilikuwa skani ya ubongo, na safari yake ingemchukua siku mbili barabarani na kwenye foleni. Nikamketisha pamoja na mkewe, nikawaeleza tulichotafuta, tulichokosa, na kile ambacho skani ingeweza kutuambia au isingeweza.

"Kwa hiyo hamjui," akasema.

"Hatujui, Mwalimu. Tumetafuta, na bado hatujui."

Akanyamaza kidogo, akamtazama mkewe. Kisha akaniambia kwamba kutojua si tatizo, ila usiku kucha alikuwa akiwaza kwamba tunajua na tunamficha. Tukampa haloperidoli kidogo kabla ya kulala, kichefuchefu kikapungua bila kuisha, na Jumamosi akarudi Maseno kusimamia upandaji wa mahindi akiwa ameketi kivulini.