Kwa Nini Majeruhi Hutolewa Chumba cha Upasuaji Tumbo Likiwa Wazi

Ndugu wa majeruhi wa ajali ya bodaboda huingiwa na hofu wanapoambiwa kuwa mgonjwa wao ametolewa chumba cha upasuaji bila kushonwa tumbo, na kwamba atarudishwa humo kesho au keshokutwa. Wapo wanaodhani madaktari wamekata tamaa. Uamuzi huo ni wa makusudi.

Mtu mzima wa kilo 70 ana takribani lita 5 za damu. Ini likipasuka au nyonga ikivunjika vibaya, anaweza kupoteza nusu yake bila tone kuonekana nje. Viungo vinavyokosa damu hukosa oksijeni, na asidi hujaa mwilini. Joto nalo hushuka, hata Dar es Salaam mwezi wa Februari, maana nguo zimechanwa, tumbo limefunguliwa na dripu inayoingia ni ya baridi kuliko damu. Chini ya nyuzi joto 35 damu huanza kushindwa kuganda. Isipoganda huvuja zaidi, na kadiri inavyovuja mwili unazidi kupoa. Kummiminia maji ya chumvi lita baada ya lita kunaharibu zaidi: hayabebi oksijeni, na yanazimua kile kidogo kilichobaki cha kugandisha damu.

Majeruhi aliyefikia hapo hawezi kustahimili operesheni ya saa 4 au 5, hata mikononi mwa bingwa. Mwaka 1993 madaktari wa Philadelphia, Marekani, walichapisha matokeo yao: miongoni mwa waliokuwa na mshipa mkubwa uliokatika pamoja na viungo kadhaa vilivyopasuka, waliofanyiwa upasuaji mfupi, wa kuzuia damu na uchafu kumwagika huku mengine yakiachwa kwa baadaye, walipona 10 kati ya 13, waliofanyiwa upasuaji wote kwa mkupuo mmoja alipona 1 kati ya 9. Idadi ni ndogo, lakini ilibadilisha kazi yetu.

Upasuaji huo mfupi hulenga kumalizika ndani ya saa moja hivi. Ini hubanwa kwa vitambaa vikubwa vya upasuaji, juu na chini. Bandama iliyopasuka huondolewa. Utumbo uliotoboka hufungwa ncha zake ili kinyesi kisimwagike, kuunganisha kutasubiri. Idadi ya vitambaa vilivyoachwa ndani huandikwa kwenye faili, kwani kimoja kikisahaulika huleta usaha. Kisha matumbo hufunikwa kwa plastiki safi yenye mirija ya kunyonya maji. Tumbo halishonwi kwa sababu matumbo huvimba: likifungwa kwa nguvu, shinikizo hubana figo na kuzuia mapafu kutanuka.

Kazi kubwa zaidi hufanyika chumba cha wagonjwa mahututi. Mgonjwa hulazwa kwenye mashine ya kupumulia, hupashwa joto, huongezewa damu iliyopashwa joto pamoja na plazma (sehemu ya majimaji ya damu) na chembe sahani (chembe zinazosaidia damu kuganda) zikiwapo, na kalsiamu, kwa kuwa dawa inayohifadhi damu kwenye mfuko huifunga kalsiamu ya mwili. Mkojo hupimwa kila saa. Kwa mtu wa kilo 70 tunatarajia angalau mililita 35. Joto likirudi na damu ikianza kuganda, kwa kawaida baada ya saa 24 hadi 48, anarudishwa kutolewa vitambaa na kuunganishwa utumbo. Wengine hurudishwa mara kadhaa kabla ya tumbo kufungwa.

Kwa ndugu, la kwanza ni kutaja saa ya ajali, hata kwa kukadiria. Asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, hutolewa gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8, lakini ianze ndani ya saa 3 tangu aumie; ikichelewa inaweza kudhuru. Tajeni pia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, ikiwa anazitumia. Msimpe chai wala maji. Na jitokezeni kuchangia damu: umri miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50.

Aliyeondolewa bandama ana jambo la kukumbuka maisha yake yote. Kinga yake dhidi ya nimonia, homa ya uti wa mgongo na malaria imepungua. Apate chanjo, kwa kawaida wiki 2 baada ya upasuaji, alale ndani ya chandarua, na akipata homa aende hospitali siku hiyohiyo, aseme mapema kwamba hana bandama.