Soli Haijaisha, Lakini Kiatu Kimekufa

Juzi imetokea tena. Kijana anayejiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro kaja kwangu anachechemea, ugoko unamuuma. Nikamwuliza raba zake zina muda gani. Badala ya kujibu akavua moja, akaigeuza. "Dokta, si unaona? Meno yote yapo."

Jamani, kiatu cha mbio si tairi! Meno ya chini ni mpira mgumu. Kazi yake ni kushika barabara. Kinachopokea uzito wako ni kile kipande kinene kilichokaa kati ya mpira huo na unyayo, soli ya kati. Kwenye raba nyingi ni povu la plastiki liitwalo EVA, limejaa vijitundu vya hewa. Kila ukitua vinabonyea, ukinyanyua mguu vinarudi. Kilomita moja tu, kila mguu unatua mara mia kadhaa. Mwishowe vijitundu vinachoka, havirudi tena, povu linalala. Mpira wa chini wakati huo bado una meno yake yote.

Niliichukua raba ile nikaiweka mezani, karibu na dirisha. Ubavuni, usawa wa kisigino, povu lilikuwa na mikunjo myembamba ya mlalo, kama ngozi ya kiwiko. Nikabonyeza kwa kidole gumba: gumu. Nikaitazama kwa nyuma: imelalia ndani. Nikampa mwenyewe abonyeze, kisha nikampa raba mpya ninayoiweka kabatini kwa kazi hiyo hiyo. Akarudia kubonyeza moja, akaenda nyingine, akanyamaza.

Alikuwa ameinunua mtumbani. Sikatazi mtumba, wakimbiaji wengi wazuri wameanzia huko. Lakini kiatu cha mtumba hujui kimetoka wapi. Soli nzima yaweza kuwa na maana kwamba kimekaa stoo miaka mingi, na povu la poliyurethani, aina nyingine ya povu la soli, huharibiwa na unyevu hata kama kiatu hakijavaliwa. Nimeshuhudia moja ikimomonyoka kama biskuti asubuhi ya mbio, mwenyewe ndiyo kwanza anafunga kamba. Kwa hiyo ukiwa sokoni, kabla ya kugeuza soli, bonyeza ubavu, kunja, kagua gundi, kisha kiweke mahali palipo sawa ukitazame kwa nyuma.

Mtaambiwa kiatu hubadilishwa kati ya kilomita 500 na 800. Ichukue kama makadirio. Mtu wa kilo 90 na wa kilo 55 hawamalizi kiatu kwa kasi moja, na raba nyepesi za mashindano huchoka mapema zaidi. Anayekimbia kilomita 30 kwa wiki hufika 500 kwa miezi minne hivi. Wa kilomita 15 anaweza kwenda nacho mwaka mzima. Andika tarehe ya kuanza kwa kalamu, ndani ya ulimi wa kiatu.

Na hapa sitawaficha. Ushahidi kwamba kiatu kilichochoka ndicho kinachoumiza si mzito kama wauzaji wanavyoutangaza. Mwili nao hurekebisha hatua. Abebe Bikila, mkimbiaji wa Ethiopia, alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa peku. Kijana wangu, mbali na raba, alikuwa ametoka kilomita 20 kwa wiki akarukia 45. Siwezi kuapa kipi kilimuumiza, kwa hiyo nilimwambia apunguze mbio kwanza, halafu ndipo atafute kiatu.

Kuchagua? Nenda jioni, mguu ukiwa umetanuka, na soksi zako za mbio. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kimbia hatua chache nje ya duka. Kinachobana leo usidanganywe kwamba kitazoea. Na ule mtindo wa kulowanisha unyayo, kukanyaga karatasi na kupangiwa kiatu kwa upinde wa unyayo wako, ulipimwa kwa makuruta wa jeshi la Marekani: waliopangiwa hivyo waliumia karibu sawa na wenzao ambao hawakupangiwa. Mguu wako ukisema kiatu ni kizuri, usikilize huo.

Raba iliyochoka bado inafaa kwa kutembelea na shughuli za shamba. Usimrithishe tu mdogo wako anayeanza mbio, eti kwa sababu meno bado yapo.