Kukinai, na kabati ambalo zaka hailihesabu

Kwa miaka kumi na mitano nimekuwa nikifundisha tazkiya, yaani elimu ya kuisafisha nafsi, katika chumba kidogo kando ya msikiti mmoja wa South B hapa Nairobi, na wengi wanaonijia siku hizi wana nyumba zilizojaa na usingizi haba. Kiswahili kina neno linalowafaa. Kukinai ni kuridhika na ulicho nacho, lakini pia twasema chakula kimemkinaisha mtu pale anapokila hadi kikamchukiza. Wanafunzi wangu hunifikia wakiwa tayari katika maana hiyo ya pili.

Kila Ramadhani huniletea hesabu zao za zaka. Fedha na dhahabu zikifika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ambacho kwa dhahabu ni takriban gramu 85, na zikipitiwa na mwaka wa Hijria, hutolewa asilimia 2.5; nguo, samani na vyombo vya matumizi ya nyumbani havimo. Mwaka mmoja mama wa makamo aliniuliza, "Ustadhi, na vile vyombo vya kabati la kioo, ambavyo sijavigusa tangu harusi ya kifungua mimba wangu, navyo nivihesabu?" Kifiqhi, yaani kwa sheria ya dini, jibu ni jepesi: havihesabiwi. Hata hivyo swali lake halikunitoka, kwa sababu fiqhi ilikuwa imemaliza kazi yake mlangoni mwa kabati lile, na tazkiya ndiyo kwanza inaanza. Nilimwomba ampe jirani seti moja ya vikombe, kisha auchunguze moyo wake. Alirudi baada ya siku mbili akiwa amekasirika, na kwa kweli hasira ile ilitufaa kuliko darsa langu lolote.

Wanazuoni wanapoieleza zuhudi, yaani moyo kutoshikamana na dunia, hupenda kuirejea aya ya 23 ya Sura Al-Hadid, inayotutaka tusihuzunike kwa kilichotupita wala tusijivune kwa tulichopewa. Kipimo hicho kimewekwa moyoni, ndiyo maana Abdulrahman bin Auf, sahaba aliyekuwa mfanyabiashara tajiri, hakutolewa miongoni mwa wema. Imamu Ghazali naye, mwanazuoni mashuhuri wa zama za kale, alipoacha kufundisha Baghdad mwaka 1095 baada ya ulimi wake kukataa kabisa kutamka darsa, aligawa mali yake lakini akabakiza kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake. Wasimulizi wengi hukiruka kipande hicho cha mwisho. Mimi hukirudia, kwa sababu nimewaona waume waliogawa kila kitu kwa jazba na kuwaachia wake zao kodi ya nyumba.

Hapa pana hatari nyingine. Mtume, rehema na amani zimshukie, alijikinga kwa Mwenyezi Mungu dhidi ya ufukara, basi sioni ni kwa haki gani nimhubirie ukinaifu mkazi wa mtaa wa mabanda wa Mathare anayenunua maji kwa mtungi. Hotuba za namna hiyo, hasa zikitoka kwa mtu aliyeshiba, huniudhi. Maneno yangu ni kwa yule anayeshuka soko la mitumba la Gikomba kutafuta shati moja na kurudi ndani ya matatu akiwa na mifuko miwili, kwa kuwa bei ilikuwa nzuri. Au yule aliyechukua televisheni ya pili kwa mpango wa lipa mdogo mdogo, na sasa kila asubuhi simu humkumbusha deni kabla hajamaliza nyiradi zake, zile dhikiri za kila siku. Kwa huyu, kupunguza vitu ni kuipa sala yake nafasi ya kupumua.

Zoezi ninalowapa ni dogo. Mwezi wa Shaabani mtu hufunga katoni moja ya vitu anavyodhani anavihitaji, huandika tarehe juu yake, na chochote ambacho hatakuwa amekitafuta hadi siku za mwisho za Ramadhani hukitoa sadaka kabla ya Idi, kwa siri. Siri ndiyo sehemu ngumu, kwani nafsi iliyonyimwa vitu hugeukia sifa, na nimewahi kujikuta nikieleza uchache wa nguo zangu kwa majivuno ambayo suti mpya isingenipa.

Mwaka jana katoni yangu ilikuwa ya vitabu. Niliifungua mara mbili kabla ya Idi, kila mara kwa kisingizio cha darsa, na bado iko chini ya kitanda.