Kisu hakisambazi saratani

"Usikubali kupasuliwa, ikiingia hewa tu, inatapakaa." Maneno haya nimeyasikia tangu utotoni Wete, na sasa anaambiwa shangazi yangu, karatasi ya spitali ameifunga kwenye pindo la kanga. Saratani ya ovari, kifuko cha mayai ya mwanamke, imemrudia, na safari hii imegusa mkia wa kongosho.

Hewa haisambazi saratani. Wengi wetu hufika kwa daktari tumbo limeshajaa maji. Anafungua, anakuta ugonjwa umeshaenea, anafunga. Mgonjwa akifariki, lawama inabebwa na kisu. (Kweli, uvimbe wa ovari ukipasukia tumboni chembe za saratani zaweza kumwagika, ndiyo maana madaktari hujitahidi kuutoa mzima.)

Utafiti ulioongozwa na Wajerumani, uliochapishwa 2021, ulifuata wanawake 407 waliorudiwa na ugonjwa huu, waliochaguliwa kwa makini. Waliopangiwa upasuaji kisha dawa, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 53.7, waliopewa dawa peke yake, miezi 46. Walionufaika hasa ni wale ambao uvimbe wote ulitolewa. Utafiti mwingine, wa Marekani, haukuona faida hiyo, kwa hiyo upasuaji si wa kila mtu.

Mkia wa kongosho umelala karibu na bandama, basi mara nyingi vinakatwa pamoja. Hapo hatari zipo: maji ya kongosho kuvuja, pengine kisukari, na asiye na bandama huhitaji chanjo maalumu.

Shangazi nimemwandikia swali moja la kumuuliza daktari: "Uvimbe wangu utaweza kutoka wote?"